Shuka Usukume

Mtu anayeingia Mpanda kwa treni ya kutoka Kaliua hudhani mji huu ni tambarare. Anateremka stesheni, anaona barabara zimelala, bajaji zinapita bila kukohoa, anapiga simu nyumbani kusema amefika mahali pa kupumzisha miguu. Huyo hajafika mtaani kwetu. Mtaa wetu umepanda ubavuni mwa mlima, na barabara yake haikuchorwa na mtu. Wenyeji husema ilianza kama njia ya mbuzi, mvua ikaichimba ikawa korongo, kisha siku moja greda likapita na kuanzia hapo tukaambiwa ni barabara. Mbuzi hawana habari na baiskeli.

Pembeni walijenga mtaro wa mawe ili maji yasizidi kuila njia. Ni mtaro wenye kina, kingo zake zina ncha, na kila nyumba imeweka mbao mbili tatu za kuvukia. Kila asubuhi niliutazama kwa pembe ya jicho, kama unavyomtazama mbwa wa jirani ambaye hajawahi kukuuma ila hajawahi pia kutikisa mkia.

Barabara ina jina lake kwenye karatasi za serikali. Sisi tunaiita Shuka Usukume, kwa sababu hicho ndicho anachofanya kila mwenye baiskeli akifika kona ya pili, pale ambapo mlima unasimama wima. Wauza mkaa walishuka wakasukuma. Wauza mikate walishuka wakasukuma. Hata bodaboda iliyobeba abiria wawili, mmoja aliombwa ashuke atembee kidogo. Mimi sikushuka.

Baba yangu alihamia upande wa Usevya na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Sisi ni Wasukuma kama wengi waliokuja na mifugo kutoka kaskazini. Nimekulia kwenye uwanda wa majaruba ya mpunga, ambako baiskeli ukiikanyaga mara moja inakwenda mpaka unaisahau. Nilipokuja Mpanda kuuza maziwa nilikuwa na miguu mizuri na kichwa kigumu. Maziwa niliyachukua kwa ndugu yangu mwenye zizi nje ya mji, na wateja wangu wengi walikaa juu mlimani, kwenye nyumba za watumishi wa ofisi. Sisi tulipanga chumba chini kabisa, mlima unapoanzia.

Shule ya binti yangu nayo ilikuwa huko juu. Mke wangu aliondoka mapema kwenda sokoni kuuza mchele, kwa hiyo kumpeleka mtoto shule ilikuwa kazi yangu. Alikuwa darasa la pili, mwembamba, mwingi wa maswali, na alipenda kukimbia kuliko kula. Ukimtuma chumvi dukani alirudi kabla hujamaliza kumkumbusha asipoteze chenji. Mwalimu wake alishatuambia kwamba mwaka unaofuata angemtia kwenye timu ya mbio ya shule, ingawa alikuwa mdogo kuliko wote. Huyo ndiye niliyempakia nyuma yangu kila siku ya shule. Ni yeye ninayemwandikia haya, ingawa sijui kama nitampa ayasome.

Mzigo niliupanga hivi. Madumu mawili ya maziwa yalining'inia kulia na kushoto kwa keria. Binti alikaa katikati, juu ya gunia lililokunjwa, begi lake la shule mgongoni. Uzito wote huo ukiwa nyuma, baiskeli ikianza kupanda mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linataka kuinuka kama farasi, na usukani haukusikilizi tena. Nikatafuta dawa. Nilichukua dumu la tatu nikalifunga mbele, kwenye usukani, ili liukandamize chini. Gurudumu likatulia. Nilijiona mhandisi, na nilimwambia kila aliyesimama kunisikiliza.

Halafu ndiyo kupanda kwenyewe. Hupandi mlima ule kwa kunyoosha. Unakwenda mshazari, kutoka ukingo mpaka mtaroni, unageuka, unarudi, na kila unapogeuka kuna nusu sekunde ambayo baiskeli haiendi mbele wala hairudi nyuma. Hapo ndipo unaposimama juu ya pedeli na kuuvuta usukani kwa nguvu zote, kama mtu anayeng'oa kisiki. Sheria kwa mtoto ilikuwa moja tu.

"Shika shati, mama," nilimwambia kila asubuhi. "Ukiachia shati, baiskeli inakuacha."

Nilisema hivyo nusu kwa utani na nusu kwa kumtisha, kama wazazi tunavyofanya. Yeye aliyapokea kama amri ya kanisani. Alilikamata shati langu kwa mikono miwili, chini ya mbavu, akalivuta hadi kola ikanikaba. Mashati yangu yote ya wakati ule yalikuwa yamenyooka upande mmoja.

Sasa fundi. Chini ya mlima, kwenye kijiwe cha bodaboda, alikaa fundi baiskeli, mtu wa makamo, Mfipa. Alikuwa na kibanda cha mabati, beseni la maji meusi la kutafutia pancha, na mdomo usiojua Jumapili. Wapo wanaobishana kama Wafipa na Wasukuma ni watani wa asili au la. Sisi hatukusubiri wazee wakae kikao. Siku ya kwanza aliniuliza kabila langu, nikamtajia, akapiga makofi akamwambia kila aliyekuwepo, "Mungu mkubwa, mtumwa wangu amejileta mwenyewe!" Nikamwambia ashukuru nimemkuta, maana nasikia Wafipa ikifika jioni hupanda radi wakarudi kwao kulala. Kijiwe kizima kilicheka. Kuanzia hapo tukawa watani, na hakuna siku tuliyopumzika.

Kwa watani hakuna neno baya. Mtani atakutukana mbele ya mkeo. Atakunyang'anya kofia, na huipati mpaka umgomboe kwa soda. Atakuambia kaburi lako ameshalipima na ameliona fupi. Unaruhusiwa kujibu, kukasirika huruhusiwi. Na ukifa kweli, yeye ndiye anayefika msibani kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, ili waliokuwa wanalia wacheke kidogo. Mimi niliipenda desturi hiyo na bado naipenda. Sijaona kwingine ambako watu wageni wanaweza kuwa ndugu kwa matusi ya asubuhi moja.

Utani wake mkubwa ulikuwa juu ya jina la kabila langu. Nilipotokea tu na madumu yangu aliinuka, akaniamkia kwa Kisukuma chake kibovu, "Mwangaluka!" kisha akapaza sauti bodaboda wote wasikie.

"Jamani nyie, mmewahi kuona? Mlima huu wanasukuma Wafipa, wanasukuma Wabende, wanasukuma mpaka mapadri. Asiyesukuma ni Msukuma peke yake! Wewe, jina lako lenyewe linakuagiza. Shuka usukume!"

"Kusukuma ni kazi ya Wafipa," nilimjibu huku nimeshasimama juu ya pedeli. "Mimi nitawaangalia nikiwa juu."

Na binti yangu nyuma anacheka, ananivuta shati, anampungia mkono. Kila asubuhi maneno yalikuwa hayo hayo, na kila asubuhi yalitosha. Niseme ukweli: mlima ule ningekuwa nimeshaanza zamani kuupanda nikisukuma baiskeli kama si yule mtu. Magoti yaliniuma. Kuna siku niliona nyota mchana. Lakini nilijua macho ya kijiwe kizima yalikuwa mgongoni kwangu hadi kona ya pili, yakisubiri mguu wangu uguse chini, na nilijua siku ukigusa nitaitwa Msukuma halisi mpaka nihame mkoa.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Maji yalishuka mlimani yakaondoa changarawe yote, yakaacha mawe yametokeza kama magoti. Wiki moja bajaji iliyobeba kreti za soda ilishindwa kwenye kona ya pili, ikarudi kinyumenyume taratibu, dereva anapiga honi kana kwamba honi ni breki, ikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Tulikwenda wote kuangalia, tukacheka, wengine wakaokota chupa zilizopona. Nami nilicheka. Nakumbuka nilisimama ukingoni nikaona jinsi chuma kilivyokunjika kwenye ncha ya jiwe, nikaacha kucheka kabla ya wenzangu, halafu nikaanza tena ili wasinione.

Ni katika siku hizo baiskeli ilipoanza kusema. Kila niliposimama juu ya pedeli na kuvuta usukani, mahali fulani mbele yangu palitoa sauti ndogo: ta. Nikiketi, kimya. Nikisimama, ta. Nilidhani ni kiti, nikakipaka grisi. Nilidhani ni mnyororo, nikaupaka grisi. Nikakaza nati ya usukani mpaka spana ikanichuna kiganja. Ta ilibaki pale pale.

"Baba, baiskeli inasema ta," binti alisema.

"Inahesabu hatua," nikamjibu.

Akaipenda habari hiyo. Jioni alipokuwa akiandika hesabu zake sakafuni nilimsikia akijisemea: ta, ta, ta. Mama yake alimwambia aache, anamkera. Sikujua kwa nini lakini mimi pia nilitaka aache.

Mtu atauliza: fundi alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwako, kwa nini hukumpelekea? Nimejiuliza mara nyingi kuliko atakavyoniuliza yeyote. Jibu ni la aibu. Ningemwambia nini? Kwamba mlima umeniharibia baiskeli? Angesimama juu ya kiti chake atangaze. Ningekuwa nimempa utani wa mwaka mzima kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo nilimpita kila asubuhi na ta yangu, na nilipokuwa karibu naye nilikuwa naketi kitini makusudi ili asiisikie.

Lakini fundi husikia. Au huona. Asubuhi ile tulipotokea hakusema mwangaluka. Aliweka chini tairi alilokuwa nalo, akaja barabarani, akaushika usukani wangu kwa mikono yote miwili. Akachuchumaa, akaangalia chini ya lile dumu la mbele. Akainuka. Uso wake ulikuwa mzito.

"Mtani," akasema, "utani pembeni."

Sina budi kueleza hapa. Utani pembeni ndiyo maneno anayosema mtani anapotaka kukuingiza mtegoni. Siku chache kabla ya hapo alinisimamisha hivyo hivyo, kwa sura hiyo hiyo, akasema, "Utani pembeni, kuna habari mbaya imefika kutoka kwenu." Nikamuuliza habari gani. Akasema, "Ng'ombe wamekaa kikao, wamekukataa, wanatafuta baba mwingine." Kijiwe kilipiga mbinja. Nililipia kwa kikombe cha maziwa kwa kuingia kichwa kichwa namna ile. Kwa hiyo aliposema tena utani pembeni, bodaboda wote walizima redio zao wakasogea kusikiliza, na mimi nikajiandaa kutocheka mapema.

"Foki yako imeliwa," akasema. "Huu uma wa mbele una ufa shingoni. Hilo dumu ndilo limeuchosha. Hii baiskeli haifiki kona ya pili. Leo shuka, usukume."

Yalikuwa maneno yale yale. Shuka usukume. Watu wakaangua kicheko.

"Radi zimewaishia," nikamwambia, "sasa mnatuma foki?"

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Nilimwona kwamba hacheki, na nikajisemea, leo amejipanga kweli.

"Niachie usukani. Nitakuletea maziwa jioni," nikasema, maana nilidhani ameniteka baiskeli kama alivyokuwa akiniteka kofia, na anataka kugombolewa.

"Sitaki maziwa."

Hilo nalo likawa kichekesho. Mfipa amekataa maziwa ya bure! Mmoja wa bodaboda alijipiga mapajani.

"Basi mwache mtoto," akasema fundi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwache hapa, nimpeleke kwa miguu mimi. Ndugu yangu. Mwache mtoto."

Hakuwahi kuniita ndugu. Tangu tujuane nilikuwa mtumwa, nilikuwa mchunga inzi, nilikuwa marehemu mtarajiwa. Aliponiita ndugu yangu, kijiwe kizima kilikaribia kulia kwa kicheko, na binti yangu nyuma alicheka nao. Nikavuta usukani. Yeye akavuta. Nikavuta tena, na vidole vyake vikaachia.

"Kwaheri fundi!" mtoto akamwambia.

Ningependa kuishia kusema kwamba nilidanganywa na desturi. Ningelala vizuri. Lakini hapakuwa na udanganyifu mzima. Wakati vidole vyake vinaachia, tumboni mwangu kuna kitu kidogo kilichomwamini. Kilikuwa kinajua ta. Kilijua maana yake kwa wiki nzima. Na juu ya kitu hicho kilikaa kitu kingine kikubwa zaidi, yaani macho ya watu wale, na Msukuma anayeshuka mbele yao siku ambayo ameshachekwa. Nilipima hivyo viwili kwa muda wa kukanyaga pedeli mara moja. Nikachagua.

"Shika shati, mama."

Kona ya kwanza tulipita vizuri. Niliketi kadiri nilivyoweza. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, akatuamkia, tukamwitikia. Niliona kwamba nawatazama watu wote usoni, jambo ambalo sikuwa nikilifanya nikipanda. Baada ya hapo mawe yakaanza. Nikaenda mshazari kuelekea ukingo wa nje, nikageuka, ta. Nikarudi kuelekea mtaroni. Ta. Ta. Mtoto alikuwa anahesabu pamoja nayo. Nilitaka kumwambia anyamaze na sikuwa na pumzi. Tukafika kona ya pili, mahali pa kusimama, na nikasimama, nikavuta.

Ilikatika kwa sauti ya muhogo mkavu. Wala haikuwa sauti kubwa. Usukani ulibaki mikononi mwangu ukiwa mwepesi kabisa, hauna kitu chini yake, na gurudumu la mbele nililiona likienda zake peke yake hatua kadhaa kabla ya kuanguka. Mimi nilitangulia kwa kifua. Baiskeli ikanyanyuka nyuma, ikageuka, ikaenda upande ule ambao ilikuwa imeelekezwa. Nilipoinua kichwa niliona maziwa yakishuka kwenye udongo mwekundu, yakipita katikati ya mawe, yanaelekea mjini. Sikumwona mtoto.

Alikuwa mtaroni. Baiskeli ilikuwa juu yake. Paja lake la kulia lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halina kiungo. Macho yalikuwa yamefumba, na kwenye ngumi ya mkono wa kushoto alikuwa ameshika kitambaa cha bluu. Sikukitambua mara moja. Kisha nikahisi upepo mgongoni. Shati langu lilikuwa limechanika kuanzia ubavuni hadi kwenye kwapa, na kipande chake kilikuwa mkononi kwake, kimekamatwa kwa nguvu kiasi kwamba ilinibidi nimfungue kidole kimoja kimoja. Nilikitumia kumfuta damu kwenye paji la uso. Halafu nikakitupa kwenye maji ya mtaro.

Fundi alifika kabla ya watu wote. Sikuelewa wakati ule amefikaje haraka hivyo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alitufuata nyuma kwa miguu tangu tulipoondoka, na yule mwanamke wa ufagio alimwona akipita anakimbia. Aliingia mtaroni akainua baiskeli, akaniambia, "Usimnyooshe mguu," akalaza ubao wa kuvukia chini ya paja, tukamfunga kwa mpira wa tyubu aliokuwa nao begani. Bajaji ikatushusha hospitali.

Mke wangu alitufikia na vumbi la mchele bado kwenye mikono. Mtoto alikuwa ameshaamka, amechomwa sindano ya maumivu, midomo imekauka. Mama yake aliniangalia mimi, akauliza, "Ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo. Binti yangu akaniwahi.

"Mama, niliachia shati," akasema. "Baba aliniambia nisiachie. Nikaachia, baiskeli ikaniacha."

Nilisikia. Nilikuwa karibu vya kutosha kumgusa. Mama yake alimpapasa kichwa akamwambia, "Si kosa lako, mwanangu, mikono ya mtoto ni midogo," na mimi nikainamisha kichwa, nao wakadhani naomba Mungu.

Sababu za kunyamaza huja zenyewe, huhitaji kuzitafuta. Kwanza nilijiambia mtoto ana maumivu, si wakati wake. Kisha nikajiambia namlinda fundi. Hiyo ilikuwa sababu nzuri sana, na nilijificha ndani yake muda mrefu. Pale kijiweni walikuwa wameshaanza kunong'ona. Waliocheka siku ile sasa walikumbuka kwamba Mfipa alisema baiskeli haitafika kona ya pili, na haikufika. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, "Bwana, yule alijuaje?" Huku kwetu swali hilo maana yake ni uchawi, na likishaanza kutembea, halirudi mikono mitupu. Nikamjibu, "Alikuwa anatania tu, kama siku zote." Jibu langu lilimwokoa fundi. Mimi lilinificha, na mtoto likamwacha na kosa lake.

Alilala hospitali wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa uzito. Mfupa uliunga. Madaktari walifanya walichoweza, na waliniambia wazi kwamba mguu huo utabaki mfupi kidogo. Kidogo hicho ukikiangalia kwenye kitanda hukioni. Unakiona anapotembea. Mwalimu wa mbio alikuja kumsalimia na machungwa, na habari ya timu hakuigusa. Binti naye hakuuliza, yeye mwenye maswali yote yale.

Fundi yupo bado. Tunasalimiana. "Habari za asubuhi, bwana," ananiambia. Nilijaribu kumrudisha. Nilimwuliza kama radi za mwaka huu zimekomaa. "Tunamshukuru Mungu," akajibu, akaendelea kutafuta pancha kwenye beseni. Mtu anayenitukana sina tena mjini hapa, na sikudhani upweke unaweza kuwa wa namna hiyo.

Baiskeli sipandi. Maziwa yanakwenda juu kwa bodaboda, na mimi nampeleka binti kwa miguu, pole pole, tukisimama anapotaka kusimama. Yuko darasa la tano. Hutembea upande wa mbali na mtaro. Asubuhi moja ya juzijuzi tulimpita mzee mmoja anasukuma baiskeli, mjukuu wake mdogo ameketi kwenye keria, mikono imelegea. Binti yangu akamsogelea yule mtoto, akamwekea mikono kwenye shati la babu yake, akasema, "Babu akianza kuendesha usiachie. Mimi niliachia, ona." Akamwonyesha mguu.

Nilisubiri mpaka wakaenda zao. Tulikuwa kwenye kona ya pili. Nikamwambia yote, nimesimama katikati ya barabara, na sauti yangu haikuwa ya baba wa mtu. Nilimwambia foki ilikuwa na ufa. Nilimwambia fundi aliniambia nishuke. Nilimwambia hakuachia, kwamba kipande cha shati kilikuwa kwenye ngumi yake nikamfungua vidole mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana macho ya mama yake, hayaharakishi.

"Hicho kipande kiko wapi?" akauliza.

"Nilikitupa."

Akatabasamu, tabasamu la kunihurumia.

"Baba, mimi nilikuwepo," akasema. "Fundi alikuwa anatania. Kila mtu alicheka. Hata mimi nilicheka."

"Siku ile hakutania, mama."

"Usijisumbue kunitungia, baba." Akanishika mkono, yeye mimi, kama mtu mzima anavyomshika mtoto anayelia. "Zamani ilikuwa inaniuma. Sasa hivi nilishajisamehe."

Akaanza kupanda, bega moja linashuka, bega moja linapanda. Kutoka pale kwenye kona kijiwe kinaonekana chote, na fundi alikuwa amesimama nje ya kibanda chake anatutazama. Alikuwa shahidi wa kila neno la asubuhi ile. Ningempungia tu mkono angekuja, na kwake mtoto angeamini. Niliutazama mkono wangu kwa muda, halafu kengele ya shule ikalia huko juu, nikamfuata binti yangu ili asichelewe.